SOMO: Kamakura na Enoshima kwa siku moja ukitokea Tokyo (mahekalu kwanza, bahari jioni)

Wakuu salaam. Kila wiki meseji ni ileile, "nakuja Tokyo siku tano, niende wapi karibu nione mahekalu na bahari". Nimejibu mpaka nimechoka, sasa naandika mara moja. Mimi nakaa Yokohama na wageni wangu wote huwa nawapeleka Kamakura, mji wa mahekalu, na Enoshima, kisiwa cha jirani. Saa zote humu ni za Kiswahili.

1. Chukua kadi ya kulipia treni, Suica au Pasmo, weka yeni 3,000. Unagusa kuingia, unagusa kutoka.

2. Tokyo Station panda JR Yokosuka Line mpaka Kamakura, kama lisaa limoja. Saa 2 asubuhi uwe njiani.

3. Tsurugaoka Hachimangu, unatembea kwa miguu tu toka stesheni. Hii ni jinja, yaani hekalu la Kishinto, dini ya asili ya Wajapani: wanainama mara mbili, makofi mawili, wanainama tena. Kwenye hekalu la Kibudha hakuna makofi kabisa. Kama dini yako hairuhusu hulazimiki kufanya chochote, simama pembeni kimya, kofia mkononi.

4. Rudi stesheni, panda Enoden, treni ndogo ya kampuni nyingine inayopita pwani, shuka Hase, kituo cha tatu. JR Pass (tiketi ya watalii ya treni za JR) haifanyi kazi Enoden.

5. HAPA NDIO WENGI WANAHARIBU, na mimi niliharibu. Hapo Hase kuna sanamu ya Buddha mkubwa kwenye hekalu la Kotoku-in, na hekalu la Hase-dera, vimalize kabla ya chakula cha mchana. Mara ya kwanza nilikuwa na mdogo wangu, Desemba, nikasema tuanze Enoshima kule mwisho halafu turudi taratibu. Tukala, tukapanda kisiwa mpaka juu, saa 10 ndio tunavuka daraja kurudi. Sasa Enoden ni reli moja sehemu kubwa, treni zinasubiriana kupishana kwa hiyo hawawezi kuongeza tu treni watu wakijaa, na zenyewe ni fupi, ya kwanza ikatuacha tukabanana kwenye ya pili. Desemba jua linazama saa 10 na nusu. Tunafika getini kwa Buddha giza limeingia, mlinzi anafunga, akainama akatuonyesha saa yake. Mdogo wangu alikuwa anaruka kesho yake asubuhi, mpaka leo hajamwona, na bado inaniuma. Kwa hiyo shika hii: baridi Kotoku-in wanafunga saa 11 jioni, Hase-dera mwisho kuingia saa 10 na nusu. Bahari haifungwi.

6. Panda Enoden tena, shuka Kamakurakokomae, ukitoka kwenye behewa bahari iko mbele yako hakuna kitu katikati. Usisimame barabarani kupiga picha, watu wa pale wamechoka na hilo.

7. Enoshima jioni. Daraja unavuka kwa miguu. Kuanzia Desemba mpaka Februari hewa ni kavu, kukiwa hakuna mawingu unaona mlima Fuji mweusi nyuma ya maji wakati jua linashuka. Ila ANGALIA MWEWE. Wanazunguka juu na wanashuka kwa nyuma, husikii hata bawa. Nimemwona mama ameshika mkate, kivuli kikapita, mkate hakuna na kidole kina mstari wa damu. Kula ndani au chini ya paa.

MASWALI

Kijana_Mpole: Mkuu JR Pass yangu inafaa huko?
— Hatua ya 4. Soma kwanza ndugu.

Kijana_Mpole: Mbona mkali, si nimeuliza tu
— Sio ukali, mstari uko pale pale juu. Haya, Oktoba 2023 pass ya siku 7 ilipanda mpaka yeni 50,000, na Tokyo mpaka Kamakura ni kama yeni 1,000 tu. Kwa safari hii usiinunue.

Binti Tanga: Kaka shukrani. Kwanini Buddha yuko nje hana hata paa?
— Swali zuri dada. Alikuwa na jengo. Walianza kumsubu kwa shaba nyeusi mwaka 1252, dhoruba na mawimbi yakabomoa jengo, na tangu mwishoni mwa karne ya 15 anakaa mvuani. Urefu kama mita 11, uzito zaidi ya tani 120. Ndani ni uwazi, unalipa kidogo unaingia, unaona mistari ya vipande walivyounganisha, na mgongoni ana madirisha mawili. Tetemeko la 1923 liliharibu msingi wake wakautengeneza, shingo wakaja kuiimarisha miaka ya 60 mwanzoni. Weka kiganja ukutani siku ya jua, shaba ina joto kama sufuria.

Ummu Salim: Kwa sisi waislamu chakula na swala inakuwaje?
— Dada, geuza njia ya kurudi. Toka Fujisawa, mwisho wa Enoden, panda treni ya Odakyu ya kwenda Tokyo, hiyo inapita kituo cha Yoyogi-Uehara na pale ndio kuna Tokyo Camii, msikiti mkubwa wa Kituruki. Chakula uliza mirin, ni pombe ya mchele na wanaitia kwenye michuzi mingi.

Mzee wa Mwaloni: Nasikia hapo Enoshima wanakula dagaa?
— Hao hao mzee wangu, wanaitwa shirasu, vitoto vya dagaa vyeupe vinawekwa juu ya wali, vya kuchemsha au vibichi. Vibichi usivitafute Januari mpaka mapema Machi, uvuvi unafungwa wazaliane.

Mzee wa Mwaloni: Safi, hata huku ziwani tunafunga. Vibichi kabisa bila ndimu?
— Tangawizi na soya tu mzee. Anza na vya kuchemsha.

Binti Tanga: Na tetemeko likinikuta ufukweni?
— Likitikisa kwa muda mrefu usingoje tangazo, panda juu. Vibao vya tsunami viko njia nzima vinaonyesha pa kukimbilia, viangalie ukiwa unashuka kwenye treni.