Ukija Oxford, panda hadi Headington

Wanaonipigia simu kwamba wanakuja Oxford huwa wamekwisha panga safari yao: vyuo, makumbusho, picha mbele ya lile jengo la kuba, kisha basi la jioni kurudi London. Nawaomba wanitengee siku moja ya Headington. Ni kitongoji kilichokaa juu ya kilima upande wa mashariki, kiasi cha kilomita tatu kutoka katikati ya mji, na huko ndiko yalikochimbwa mawe mengi yaliyojenga hivyo vyuo wanavyokuja kuvipiga picha. Mimi naishi hapa mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu iko hospitalini, nasukuma wagonjwa kutoka wodini kwenda eksirei na kuwarudisha. Lakini nimezaliwa Lamu, kwenye nyumba ya waashi, na mjomba wangu alinifundisha kuutazama ukuta kabla sijatazama kitu kingine. Alipokuja kututembelea, njia niliyompitisha ndiyo hii ninayokuelekeza.

Kwanza kufika. Ukitoka London au uwanja wa ndege wa Heathrow kwa basi la masafa, usiende hadi kituo kikuu cha Gloucester Green halafu urudi ulikotoka. Mabasi hayo hupita London Road, na Headington unaifikia kabla ya mjini. Mwambie dereva mapema akushushe Headington, penye maduka. Ukiwa umelala mjini, panda basi linalokwea kilima kwa barabara hiyohiyo. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine iliyo kando ya dereva, basi. Gari la kukodi liache Thornhill, ile maegesho kubwa iliyo ukingoni mwa mji, uingie kwa basi. Hasa kama unakuja kumwona mgonjwa, usijaribu kutafuta pa kuegesha hospitalini. Nimeona watu wakizunguka huko mpaka saa ya kuwaona wagonjwa ikawaponyoka, na mama yao yuko ghorofani anawangoja.

Njoo kati ya mwezi wa 5 na wa 9. Mwezi wa 6 jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku kwa saa zetu, yaani simu yako itaandika 21:30, na una nafasi ya kutembea bila haraka. Mwezi wa 12, saa kumi jioni jua linazama. Vaa viatu vya kufunga vyenye meno chini, na koti la mvua hata kama asubuhi anga ni jeupe.

Penye maduka, vuka uingie New High Street. Nyumba namba 2 ina papa juu ya paa. Papa mzima wa faiba, urefu mita 7 na zaidi, kichwa kimezama ndani ya vigae na mkia uko juu. Aliwekwa tarehe 9 Agosti 1986, siku ya kutimia miaka 41 tangu bomu la atomiki liangushwe Nagasaki. Mwenye nyumba, Bill Heine, alitaka watu waone jinsi kitu cha kutisha kinavyoweza kukushukia kutoka angani ukiwa ndani ya nyumba yako. Mchongaji ni John Buckley. Halmashauri ya mji ilishindana naye kwa miaka kutaka papa aondolewe, mpaka mwaka 1992 serikali kuu ikaamua abaki. Tazama ukiwa barabarani, usigonge mlango. Ni nyumba ya mtu. Dakika kumi zinatosha.

Rudi London Road, pita bustani ya Bury Knowle ikiwa una watoto wa kukimbiza. Kuna jumba la zamani humo ambalo siku hizi ni maktaba. Halafu shika Old High Street kuelekea kaskazini, na hapo ndipo ninapokutaka upunguze mwendo, kwa sababu unaingia Old Headington, kijiji chenyewe cha zamani kabla mji haujakimeza.

Kelele za magari zinakatika ghafla. Kuna kanisa la Mtakatifu Andrew ambalo ndani yake mna upinde wa mawe wa karne ya 12. Jaribu mlango, ukifunguka ingia. Lakini kilicho kizuri zaidi kwangu ni vichochoro vinavyoitwa The Croft. Ni njia nyembamba za miguu, kuta za mawe huku na huku, zinapinda, hujui utatokea wapi. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji kuelezwa. Miguu yenyewe inajua namna ya kutembea humo: unasikia hatua za mtu kabla hujamwona, unajibana ukutani apite, mnasalimiana.

Mjomba alisimama humo. Nilitangulia kidogo, nikageuka, nikamwona amevua miwani, ameweka kiganja kwenye ukuta kama mtu anayempima mtoto homa. Kidole chake cha shahada kimeingia kwenye kitundu cha jiwe. Nikarudi. Jiwe lilikuwa la rangi ya asali iliyochanganyika na majivu, limejaa vitundu vidogo kama sega, na ndani yake vipande vya kombe vimekaa kiubavu.

"Mwanangu," akasema, "hili tumbawe hili. Nani amelileta huku?"

"Halikuletwa, mjomba. Limezaliwa hapahapa."

Hakuniamini, na wewe huenda usiniamini, kwa sababu bahari iko mbali sana na Oxford. Lakini ni kweli. Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita sehemu hii ilikuwa bahari ya maji ya joto, yasiyo na kina, yenye miamba ya matumbawe kama yetu. Mawe ya Headington ni matumbawe hayo na vumbi la makombe yaliyosagwa na mawimbi, yakagandamana. Nyumba za Lamu, magofu ya Gede, ngome ya Mombasa iliyoanzwa mwaka 1593, zote ni ukoo mmoja na kuta hizi, ila za kwetu ni changa sana.

Tulipokuwa palepale mjomba alinionyesha jambo jingine, nami nawaonyesha wageni wote. Tazama kati ya jiwe na jiwe. Pale palipojazwa chokaa, jiwe limetulia. Pale mtu aliporekebisha kwa saruji, saruji imebaki imara na jiwe la kando yake limebanduka na kumong'onyoka. Ukuta wa namna hii hunywa maji ya mvua na kuyatoa kwa kupumua. Chokaa huuachia ukuta, saruji huuziba, maji yakatafuta njia kupitia jiwe lenyewe. Tunalitenda kosa hilohilo Lamu kila mwaka, tukiharakisha kazi. Mjomba alikaa kimya muda mrefu mbele ya kipande kile.

Kutoka hapo rudi kusini, vuka London Road, ushike mashariki hadi Headington Quarry. Jina lenyewe maana yake ni machimbo, na kijiji kimekaa ndani ya mashimo. Utaona nyumba moja paa lake liko usawa wa miguu yako na ya jirani iko juu kama ngazi. Njia zinashuka na kupanda bila mpango. Kila shimo lilikuwa mahali watu walipotoa mawe au udongo wa matofali, na machimbo yalipokwisha wakajenga palepale. Mawe ya huku yaliandikwa kwa mara ya kwanza kwenye hesabu za mwaka 1396, kwa ajili ya mnara wa kengele wa New College. Baada ya hapo mji uliyatafuna kwa karne nne.

Yalikuwa ya aina mbili. Jiwe gumu, lililotumika chini kwenye misingi, lipo mpaka leo. Jiwe laini lililokatika vizuri, ndilo mafundi walilolipenda kwa kuta za juu, na ndilo lililowaangusha: moshi wa makaa ya mawe ulipozidi mjini, uso wake ulifura malengelenge, ukapasuka na kuanguka vipande vipande. Karne ya 20 vyuo vingi vilibidi vivuliwe uso na kuvishwa mawe ya kutoka kwingine. Kwa hiyo ukisimama mbele ya chuo mjini, tazama mistari ya chini kabisa, karibu na njia ya miguu. Mara nyingi hapo ndipo Headington ilipobaki.

Humohumo Quarry lipo kanisa la Holy Trinity, lililojengwa mwaka 1849 kwa mchoro wa George Gilbert Scott. Wageni wengi huja kwa ajili ya kaburi la C.S. Lewis, mwandishi wa hadithi za Narnia, aliyefariki Novemba 1963, na kibao cha kuelekeza kipo. Ukitaka pia kuiona nyumba yake, The Kilns, iliyo ng'ambo ya barabara ya mzunguko, lazima uwe umeomba miadi kabla. Mimi nilikwenda na wageni bila miadi, tukarudi tulivyokuja, na bibi mmoja wa watu alikuwa na maumivu ya goti.

Lakini ndani ya makaburi hayohayo mtafute William Kimber. Alikuwa fundi wa matofali, na pia mchezaji wa ngoma ya kienyeji ya Kiingereza iitwayo morris, akipiga kinanda kidogo cha mkononi cha kuvuta na kusukuma. Tarehe 26 Desemba 1899 baridi ilikuwa imesimamisha kazi za ujenzi, mafundi hawana kitu, wakatoka kucheza nyumba kwa nyumba wapate chochote. Wakacheza mbele ya nyumba moja iliyoko London Road, na ndani yake alikuwamo mgeni, mwanamuziki Cecil Sharp. Alivutiwa, kesho yake akamwita Kimber aje ampigie tena, akaandika tuni zile. Kutokana na siku hiyo ngoma zilizokuwa karibu kupotea zikahifadhiwa nchi nzima. Kikundi cha Quarry bado kinacheza siku hiyo ya baada ya Krismasi. Nimekwenda kuwatazama: wanaume wamejipanga safu mbili, kengele zimefungwa chini ya magoti, leso mikononi, na kuna mitindo ya kugonganisha fimbo. Nilisimama pale na baridi ikanisahau, maana niliona kirumbizi, ngoma yetu ya fimbo ya Lamu. Kama uko Uingereza wakati huo, acha kila kitu uende.

Sasa elekea Rock Edge, upande wa kusini karibu na Old Road. Ni machimbo ya zamani yaliyoachwa, siku hizi ni hifadhi ndogo, huru kuingia. Utakuta uso wa mwamba ulio wazi, na matumbawe yenyewe yakiwa mzima, mabonge yake yamekaa kama yalivyokua baharini, katikati ya mchanga uliogeuka jiwe. Sogea karibu, pekua kwa macho. Usibanue wala kuokota. Sheria inaulinda mwamba huo, na umebaki mdogo. Mjomba alikaa kwenye nyasi mbele yake akala maandazi yaliyopikwa na mke wangu, nadhani kwa nusu saa.

Shika Old Road kuelekea mjini. Kushoto kwako yatakuja majengo ya utafiti wa tiba ya Chuo Kikuu cha Oxford. Huwezi kuingia, na nje hakuna cha kupiga picha ila vioo, lakini nakuomba usimame kidogo. Hapo ipo taasisi ya Jenner, iliyotengeneza chanjo ya malaria ya R21 ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023. Kabla ya hapo ilijaribiwa kwa watoto wa Burkina Faso, Mali, Kilifi kwetu na Bagamoyo. Akina mama waliowapeleka watoto wao wachomwe sindano Kilifi hawajapata kuiona barabara hii. Mimi nikipita nawakumbuka.

Ukihitaji kuswali, ipo misikiti ukishuka kilima: mkubwa uko Manzil Way, unaokatia Cowley Road, na Cowley Road hiyohiyo ndiyo yenye chakula cha halali cha kila aina. Usile Headington ukaharibu njaa.

Lakini kabla ya kushuka, maliza mwendo wako South Park. Kutoka Old Road ingia Warneford Lane, utatokea juu ya bustani, nyasi tupu zinateremka mpaka chini. Kaa juu kabisa jua likiwa linaelekea kuzama. Mji wote uko mbele yako: mnara wa chuo cha Magdalen uliokamilika mwaka 1509 karibu zaidi, kisha kuba, kisha ncha za makanisa, moja nyuma ya nyingine.

Tulifika hapo na mjomba saa mbili jioni. Mwanga ukawa mwekundu, na minara ikabadilika rangi ikawa kama ukuta wa nyumba yetu ya Langoni baada ya mvua. Akahesabu kwa kidole, akanyamaza, akageuka kutazama kilima tulikotoka, kisha akarudi kutazama mji.

"Walibeba kwa kitu gani yote haya?" akauliza. "Kwa punda?"

Nikamwambia kwa mikokoteni, kuteremka.

"Kuteremka," akasema. "Basi walikuwa na bahati. Sisi tulibeba kutoka Manda kwa jahazi."