Kishikwambi cha Kusemea: Namna ya Kukiandaa kwa Mtoto Mwenye Usonji

Mtoto mwenye usonji ambaye hajaanza kusema, au ana maneno mawili matatu tu, anaweza kuomba, kukataa na kuita kwa kugusa picha, kifaa kikatamka neno. Wazazi wengi huogopa kwamba akizoea kugusa hatasema tena. Tafiti hazijaonyesha hivyo. Kwa baadhi ya watoto maneno ya mdomo huongezeka kidogo. Ila kishikwambi hakitibu usonji. Na kama mtoto hajapimwa usikivu, anzia hapo kwanza; kwa walioko Mwanza, hospitali ya rufaa ya Bugando ina idara ya masikio, pua na koo.

Kifaa chenyewe

Android ya inchi 8 hadi 10 inatosha. Simu inafaa kwa kuanzia, lakini vitufe vyake ni vidogo, na itaita wakati mtoto yuko katikati ya kuomba maji. Ukubwa si hoja kubwa kuliko hii: kifaa cha kusemea kisiwe kilekile cha katuni. Mtoto akijua katuni zimo ndani, kila ukimpa atazitafuta, na ukimnyang'anya umemnyang'anya mdomo.

Kama kipo kimoja tu, bandika programu ya kusemea ili asiweze kutoka. Fungua Mipangilio, andika “pin” kwenye sehemu ya kutafutia, washa kipengele cha kubandika programu na ukiamuru kidai nenosiri kabla ya kubandua. Kisha fungua programu, nenda kwenye orodha ya programu za karibuni, gusa alama yake, chagua kubandika. Zima arifa zote. Ongeza kava nene la sponji lenye mshikio, kioo cha kulinda skrini, na power bank ya 10,000 mAh kwa siku umeme ukikatika.

Programu

Kabla ya kulipia chochote, jaribu mambo manne: inafanya kazi bila intaneti? Unaweza kuweka picha zako? Unaweza kurekodi sauti? Unaweza kuhifadhi nakala ya ubao, yaani ukurasa wa picha za kugusa? LetMeTalk ni ya bure, haihitaji intaneti na huja na michoro ya ARASAAC, mkusanyo unaogharimiwa na serikali ya jimbo la Aragon, Hispania.

Android ina sauti ya Kiswahili ya kompyuta, nayo inaeleweka. Lakini programu ikiruhusu kurekodi, mwite kaka au dada anayekaribiana na mtoto kwa umri arekodi maneno, maana hiyo ndiyo itakayokuwa sauti yake mtaani. Nyumba inayoongea Kisukuma na bibi ndiye anayeshinda na mtoto, rekodi Kisukuma.

Ubao wa kwanza

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaweka vitufe 4 vikubwa, mtoto akivizoea wanaongeza vingine 8, kila kitu kinahama, naye anaanza upya. Mkono wa mtoto hukariri mahali kabla macho hayajazoea picha. Kwa hiyo tengeneza tangu mwanzo ubao wa vitufe 20, mistari 4 yenye vitufe 5, kisha ficha 14 na uache 6. Ukitaka kuongeza neno, fichua kitufe. Kilichokwisha kukaa mahali pake kisisogezwe.

Sita za kuanzia: nataka, sitaki, ongeza, nisaidie, imetosha, twende. Ona kwamba hakuna chakula hata kimoja. Ubao uliojaa uji, sato, chapati na soda unamfundisha kuagiza kama yuko mgahawani, basi. “Ongeza” inafanya kazi kwenye uji, kwenye bembea na kwenye kurushwa juu. Vyakula na watu vifuate wiki za baadaye, kwa picha za vitu vyake mwenyewe: kikombe chake cha bluu, kimepigwa picha peke yake juu ya kitambaa cha rangi moja. Ukikipiga mezani kati ya sufuria na chupa ya chai, hajui unamwonyesha kipi.

Kufundisha

Wiki mbili za kwanza anayegusa ni wewe. Asubuhi mmiminie uji robo kikombe tu, usijaze. Akimaliza na kuangalia sufuria, gusa “ongeza”, sema “ongeza” kwa mdomo, mmiminie robo nyingine. Robo ya tatu, sogeza kishikwambi karibu yake, nyamaza, hesabu moyoni hadi 10. Akigusa, mpe papo hapo. Asipogusa, gusa wewe na umpe vilevile. Usimshike mkono ukaubonyeza, na usimwambie “sema ongeza kwanza”. Uji ukigeuka mtihani, ataukimbia ubao. Dakika 5 hadi 10, mara mbili tatu kwa siku, wakati wa kula, kuoga na kucheza.

Akigusa “sitaki”, iheshimu, hasa siku za mwanzo. Kama ni dawa na lazima anywe, mwambie umesikia, kisha mpe. Mtoto ambaye “sitaki” yake haisikilizwi atarudi kung'ata na kujitupa chini, na hapo ana haki.

Yanayoharibika

Anabonyeza kitufe kimoja mara hamsini: anachunguza, kama mtoto mchanga anavyobwabwaja. Punguza sauti, usimfungie. Anagusa vitufe viwili kwa pamoja: panua nafasi kati ya vitufe kwenye mipangilio. Anakitupa: angalia kwanza kama sauti ni kali au mwanga unamuumiza. Nyumbani anatumia vizuri, sokoni Mwaloni Kirumba hatumii: huenda sauti haisikiki kwenye kelele zile, naye kaona haimsaidii, beba spika ndogo ya kuning'iniza.

Kishikwambi hichohicho husaidia safari. Kabla ya kwenda kliniki, piga picha tano: daladala, geti, benchi la kusubiri, daktari, mlango wa nyumbani. Zipange kwa mfuatano, mwonyeshe jioni na tena asubuhi. Picha ya kurudi nyumbani usiiache.

Kuhusu muda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku akiwa amekaa mbele ya skrini. Hiyo ihesabie katuni na michezo. Ubao wa kusemea uwe karibu naye kutwa nzima.

Mwisho, piga picha ya skrini ya ubao wote, ichapishe kwenye karatasi ya A4 stationery na uilaminishe, nakala mbili. Moja ya mwalimu, moja ya siku chaji imeisha au mmekwenda ziwani. Kila ukifichua kitufe kipya, chapisha upya.