Ukifika Southampton, anza na tumbo la ndege

Wana Mwanza mnaokwenda kusoma Uingereza, mkipita Southampton ingieni makumbusho ya Solent Sky. Mle kuna Short Sandringham, ndege-boti ya injini 4, kazi ya kiwanda kilekile kilichounda zile zilizokuwa zikitua Kisumu na Port Bell, ziwani kwetu, miaka ya 1930.

Usikimbilie kupanda ndani. Inama kwanza utazame tumbo: limechongwa kama mtumbwi, halafu katikati limekatwa ghafla, kama kidato. Hapo ndipo maji huiachia ndege inapotimua mbio kupaa. Bila hicho yangeing'ang'ania. Fundi wa mitumbwi wa Kirumba angelipapasa nusu saa nzima! Ukiingia, begi la mgongoni lishike mkononi, nafasi ni finyu.