Jinsi ya kuielewa MITF bila kuchanganyikiwa
Anza na melanosaiti, zile seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi na nywele. Ndani yake kuna protini inaitwa MITF, inashika DNA na kuwasha jeni kama ya tairosinesi (kimeng'enya cha kutengeneza melanini), na bila tairosinesi melanini haitengenezwi. Sasa hapa ndo pa kukaa napo: usiulize tu ipo au haipo, angalia kiwango, maana kwenye melanoma, yaani kansa ya melanosaiti, ikiwa ya kati seli zinagawanyika kwa kasi, ikishuka sana zinagawanyika polepole ila zinapenya na kusambaa, ikipanda sana zinakomaa na kutoa rangi. Ukikuta kwenye majibu ya maabara MITF imeonekana, mara nyingi inaashiria seli za ukoo wa melanosaiti, peke yake haisemi ni kansa, tafadhali msubiri daktari akueleze.