Namna ya kukagua gari lenye injini ya D4 kabla ya kulinunua Dar es Salaam

Mtu anayetafuta Noah, Premio au RAV4 ya zamani hapa Dar es Salaam hakosi kukutana na gari moja zuri ambalo bei yake iko chini ya wenzake, na akiuliza sababu ataambiwa kuwa injini yake ni D4 ya Toyota. Dalali atamhakikishia kwamba limeshafanyiwa kila kitu, na fundi atakayempigia simu atamwambia aachane nalo mara moja. Kwa maoni yangu wote wawili hawamsaidii mnunuzi, kwa sababu ubaya wa injini hii una mahali pake na dalili zake, na anayejua pa kuangalia anaweza kuupima kabla hajatoa hata shilingi.

Anza kwa kuhakikisha ni injini ipi unayouziwa. Mitaani watu hutenganisha D4 na VVTi (mfumo unaorekebisha wakati wa valvu kufunguka) kana kwamba ni vitu viwili tofauti, ilhali 1AZ-FSE, ambayo ndiyo D4 ya cc 1998 iliyojaa katika barabara zetu, ina mfumo wa VVT-i vilevile. Tofauti ya kweli iko mahali petroli inapopulizwa. Katika injini za kawaida petroli hupulizwa kwenye njia ya hewa kabla ya valvu, lakini katika D4 hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa shinikizo linalozidi lile la kawaida zaidi ya mara 20. Namba ya chesisi itakuondolea ubishi: kwa Premio na Allion za toleo lililoanza Desemba 2001, NZT240 ni ya cc 1496, ZZT240 ni ya cc 1794, na AZT240 ndiyo D4. Noah na Voxy za AZR60, zilizotengenezwa kuanzia 2001 hadi 2007, ni D4.

Kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, haiwezi kuziosha, na masizi huganda pale mwaka hadi mwaka mpaka injini ikaanza kupumua kwa shida. Pampu ya shinikizo kubwa na nozeli nazo hazivumilii mafuta machafu, na sisi tunaishi katika nchi ambayo uchakachuaji ulienea hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kutia vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010. Kwa hiyo muulize mwenye gari anajaza mafuta wapi, na usikilize kama anajibu haraka.

Jambo ambalo nakusihi usilegeze hata kidogo ni kulikuta gari likiwa limelala usiku kucha. Niliwahi kwenda Tabata kuangalia Noah, nikafika saa moja asubuhi kama tulivyopatana, nikaweka kiganja juu ya boneti na kukuta ni ya moto. Mwenye gari alieleza kwamba alilitoa kidogo kwenda kununua mkate. Nilimwomba nirudi kesho yake, nikafika saa kumi na mbili, kabla hajatoka ndani. Injini ilipigwa stata mara tatu ndipo ikawaka, ikawa inamisi na kutetemeka kiasi kwamba tasbihi iliyoning'inia kwenye kioo ilicheza kama gari liko kwenye matuta, na harufu ya petroli mbichi ikatoka kwenye bomba la moshi. Baada ya dakika tano hivi ikatulia kabisa. Ningeipima siku ya kwanza ikiwa ya moto, ningeondoka nikiamini kuwa ni nzima.

Kabla injini haijawashwa, chomoa stiki ya oili, uitazame na kuinusa. Oili iliyopanda juu ya alama ya mwisho na kunukia petroli inaashiria kwamba mafuta yanapenya kuingia humo, mara nyingi kupitia pampu ya shinikizo kubwa iliyochoka, na oili ya namna hiyo haiwezi tena kulinda vyuma.

Hata hivyo, ugonjwa unaomaliza fedha hautokani na mfumo wa petroli. Bloku ya injini hizi ni ya aluminiamu, na nyuzi zinazoshika bolti za silinda hedi, hasa za upande wa nyuma, huliwa, hedi ikalegea na kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ikaanza kuvuja mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Washa tochi ya simu, ipitishe nyuma ya injini huku ikirekodi video, kisha utazame pale hedi inapokutana na bloku: madoa ya waridi au ukoko mweupe uliokauka ni ushahidi tosha. Fundi anayeijua kazi hii hutoboa na kupachika nyuzi mpya za chuma, lakini anayebadilisha gasketi peke yake na kurudishia bolti kwenye nyuzi zilezile hajatengeneza kitu. Inafaa ujue pia kwamba ugonjwa huo unazipata injini za 2AZ-FE za cc 2362, zilizomo katika Harrier na Alphard, ambazo si D4 na watu huzinunua bila wasiwasi.

Ukiridhika na hayo, liendeshe kutoka Ubungo ukipanda mlima hadi Kimara, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kisha liache lingurume pale lilipo kwa dakika kumi huku ukitazama mshale wa joto. Mshale ukisogea juu ya mahali pake pa kawaida, usiendelee na mazungumzo ya bei. Taa ya injini nayo lazima iwake unapofungua swichi na kuzimika injini inapowaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameikata.

Gari likibaki na kasoro ya masizi au nozeli tu, linanunulika. Uliza bei ya kuzisafisha kwa mafundi wawili, uliza bei ya pampu kwa wauza vipuri wa Gerezani, kisha jumla yake iondoke kwenye bei ya gari, si kwenye mshahara wako wa mwezi ujao.

Mwisho linganisha namba ya injini na iliyomo kwenye kadi, kwani wako wanaobadilisha injini bila kurekebisha taarifa TRA, na uangalie madeni ya faini za barabarani na maegesho. Noah ya Tabata niliiacha. Nilinunua AZR60 nyingine iliyowaka kwa stata moja alfajiri, na siku hiyohiyo, kabla sijaifikisha nyumbani, nikaipitisha kwa fundi kumwaga oili.