Funga kitabu kabla hujarudia kusoma
Ukimaliza kurasa chache usirudie kuzisoma, funga kitabu uandike kila unachokumbuka, alafu ndo ufungue uone ulichoacha. Kumbukumbu inakaza pale unapohangaika kuitafuta mwenyewe kichwani, ila kurudia kusoma kunakufanya tu uone maneno unayajua kwa vile macho yameshayazoea. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walilipima hili wakachapisha 2006: baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, ila baada ya wiki moja waliojipima ndo walikumbuka zaidi. Kesho yake jipime tena, ukishalala vizuri maana usingizini ubongo unapanga ulichosoma. Njia hii haisaidii kama somo hukulielewa toka mwanzo, na usipokagua majibu hata makosa yanaganda hivyohivyo.