Kumfundisha kijana kushona kifungo bila kumsimanga

Kijana akikuletea shati lililong'oka kifungo, ile kauli ya "vijana wa siku hizi" imeze. Hajui kwa sababu hakuna aliyemwonyesha, basi. Mwaka 2019 wanasaikolojia John Protzko na Jonathan Schooler walichapisha utafiti katika jarida la Science Advances: wasomaji wazuri ndio hasa wanaoona vijana hawapendi kusoma. Tunawapima kwa kile tunachokiweza sisi, na hilo naliona ni dhuluma.

Sindano ashike yeye. Atunge uzi, aukunje mara mbili, apige fundo mwishoni, aanzie upande wa ndani. Kisha alaze njiti ya kiberiti juu ya kifungo na kushona juu yake, mara nne au tano kwa kila jozi ya matundu. Achomoe njiti, avute kifungo juu, azungushe uzi chini yake mara tatu, ndipo afunge kwa ndani. Pale pa kuzungusha wengi hupakosea, watu wazima wakiwemo, kwa hiyo usimnyang'anye sindano. Uzi ukijisokota, aukate aanze upya.